Ndoo ya Kumi na Saba

Waliniajiri kwa sababu ya jembe.
Dokta Rwezaura alitaka mtu wa kufukia ndoo thelathini,
mdomo wa kila ndoo sawa na ardhi,
na ardhi ya Kongwa haichimbwi kwa shahada:
ndiyo hii iliyovunja meno ya matrekta ya mkoloni
alipokuja kutafuta mafuta ya karanga
akaondoka na vumbi masikioni.

Nikachimba siku mbili.
Kati ya ndoo na ndoo tukasimamisha ukuta wa nailoni
kimo cha goti,
ili atambaaye usiku aukute, aufuate, adumbukie.
"Tunamtafuta mjusi," alisema Tumpale, mwanafunzi wake,
"asiye na miguu."
Nikacheka. Mjusi asiye na miguu
kwetu ni nyoka,
na nyoka kwetu ni "lete fimbo".

Akanionyesha picha: mmoja tu, ndani ya chupa ya spiriti,
rangi ya ufizi, macho yamefunikwa na ngozi.
Alichukuliwa hapa kabla baba yangu hajazaliwa.
"Tangu hapo hakuna aliyemwona."
Nilinyamaza.
Niliona shamba la mama, Januari, tope la kwanza,
mimi wa miaka minane napalilia karanga,
na kitu cha rangi ya ufizi vipande viwili,
vyote viwili vikitembea.
Wangapi? Sijui.
Nani huhesabu magugu?

Alfajiri tukikagua.
Ndoo ya kwanza, jongoo.
Ya nne, nge na wanawe mgongoni.
Ya tisa, panya aliyeshiba
na miguu sita ya mtu aliyelala naye.
"Mjusi?"
"Hamna."
"Andika hamna," alisema Dokta. "Hamna nayo ni taarifa."
Tumpale akaandika kwa penseli, na tarehe, na saa.
Nyumbani kwetu unga ulikuwa hamna, mvua hamna,
na hakuna aliyewahi kutuandikia.

Usiku wa saba ikanyesha.
Asubuhi, ndoo ya kumi na saba,
chini ya jani la mkole, alikuwemo:
urefu wa penseli mpya,
anasukuma ukuta wa plastiki kwa kichwa
kama mgeni aliyekosea mlango.
"Mtoe wewe," Tumpale alinong'ona, "mkono wako uko karibu."
Mkono wangu ulijua kazi moja tu juu yake.
Ukasita.
Ukashuka.
Alikuwa baridi, ana nguvu kuliko umbo,
akaingiza kichwa kati ya vidole vyangu, akasukuma,
akatafuta udongo kwenye kiganja.
Wiki nzima nimechimba;
sasa nachimbwa mimi.

Gramu saba. Magamba wakayahesabu kwa lenzi.
Kwenye safu ya *Aliyemkamata* nilitaja jina langu
herufi kwa herufi, Ndahani Masinga Chedego,
Tumpale asije akaacha hata moja.
Kisha Dokta akafungua chupa.
"Huyu wa kwanza lazima abaki nasi," alisema polepole,
"la sivyo nani atatuamini?"
Nikamuuliza tofauti yake na jembe la mama.
Hakukasirika. Alifuta miwani kwa shati.
"Mama yako hakumwandika."
Jibu hilo nimelitafuna mpaka leo,
halijawa laini.

Jioni nilimsimulia mama. Alikuwa akipeta uwele.
"Wa rangi ya ufizi? Anayetoka mvua ikikolea?"
Akataja jina lake kwa Kigogo, mara moja, bila kugeuka,
kama mtu atajaye jirani wa nyumba ya tatu,
akaendelea kupeta.

Miaka yote hiyo wakimtafuta,
na jina lake liko hapa, pembeni ya chungu cha mlenda.
Sijawapelekea.
Kwenye daftari lao ipo safu ya tarehe, ya uzito, ya mvua.
Nasubiri wachore ya kuuliza.